Marekani: Chipu ya kazini ndani ya mkono, je, mfanyakazi anaweza kukataa?

Kufungua mlango, kuwasha kompyuta, kupiga fotokopi na kulipa soda bila kutoa kadi wala pesa: inatosha kupitisha mkono. Hayo yalianza tarehe 1 mwezi wa nane 2017 katika kampuni ya Three Square Market, mji mdogo wa River Falls, jimbo la Wisconsin. Wafanyakazi zaidi ya 40, karibu nusu ya wote wanaotumika pale, walikubali kutiwa chipu chini ya ngozi. Kampuni ndiyo iliyolipa, dola 300 kwa kila mtu.

Chipu yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele. Inaingizwa kwa sindano kati ya kidole gumba na kile kinachofuata. Haina betri wala GPS. Inaamka tu ikikaribia mashine ya kuisoma, kisha inatoa namba yake. Kwa hiyo wenye kuogopa kwamba bosi atawafuata hadi sokoni ao kwenye baa wajue kwamba chipu hii haiwezi kazi hiyo.

Lakini mashine za kampuni zinaweza kuandika kila kitu: saa uliyoingia, muda uliokaa kwenye pumziko, kinywaji ulichonunua. Ni kweli, kadi pia inaweza. Ila kadi unaiacha mezani jioni, na siku unaacha kazi unairudisha. Chipu unalala nayo. Kampuni ilieleza kwamba inatoka kama mwiba. Sawa, lakini mwiba pia unaomba mtu wa kuutoa.

Upande wa afya, idara ya Marekani inayosimamia dawa, FDA, iliruhusu chipu ya VeriChip mwaka 2004, ikitaja hatari zake: mwili kuikataa, chipu kuhama kutoka pale ilipowekwa, na matatizo kwenye mashine ya MRI. Mwaka 2006, fundi mmoja alionyesha kwamba namba ya chipu hiyo inaweza kunakiliwa. Neno la siri likiibiwa, unalibadilisha kwa dakika moja. Namba iliyo ndani ya nyama, unabadilisha namna gani?

Mwaka huo wa 2006, Wisconsin ilitunga sheria inayokataza kumlazimisha mtu yeyote kutiwa chipu. Faini inaweza kufika dola 10.000, na kila siku ya kosa inahesabiwa peke yake. Three Square Market nayo iliomba tu wenye kupenda.

Hapo ndipo penye mashaka. Anayekuomba mkono ndiye anayekulipa mshahara. Wenzako wanapanga mstari, waandishi wa habari wanapiga picha. Hata kwetu, bosi akisema "ni mapenzi yako", watu wanaangaliana kwanza. Tena kampuni hiyo ilikuwa inauza mashine za kununulia vyakula kazini bila muuzaji. Mikono ya wafanyakazi wake ilikuwa pia matangazo ya biashara.

Waliokataa hawakulazimishwa. Mfanyakazi atakayeletewa sindano kesho aulize kwanza, kwa maandishi: nani anatunza namba yangu, anaifuta lini, na siku nikifukuzwa, munganga wa kuitoa atalipwa na nani?