Ubuyu wa wifi wa Rangi Tatu

Msomaji, kama una mtoto wa shule ya msingi hapa Dar unajua ninachozungumzia. Anarudi mchana, ulimi mwekundu, vidole vyekundu, kola ya shati jeupe ndiyo usiseme. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Ubuyu, mama." Sisi tunakaa Tegeta, na kwangu ubuyu huo una mwenyewe ninayemjua. Anautengeneza wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kule Mbagala Rangi Tatu. Kila akija kutusalimia anamletea mtoto kikopo.

Sasa Jumapili moja usiku mtoto katoka chooni analia. Nachungulia, choo chekundu! Mwili wote ulininyong'onyea. Tukamfunga kanga tukakimbilia hospitali. Daktari akapima, hakukuta damu. Akauliza, "Leo amekula nini chenye rangi?" Kumbe kikopo kizima cha ubuyu, peke yake, nyuma ya kochi.

Mwingine angeshukuru Mungu akalala. Mimi sikulala. Asubuhi nikampigia wifi simu, na niliyoyasema siyaandiki yote hapa. Lililouma zaidi ni hili: nilimwambia anawatilia watoto wa watu rangi ya mikeka. Simu yake ilikuwa kwenye spika, wateja wawili wapo kibarazani wanasikia. Wifi ni mjane, ndoo mbili za ubuyu ndizo zinazosomesha watoto wake. Alinijibu kwa sauti ya chini kabisa:

"Na zile keki zako za zambarau za kitchen party unapaka nini, wifi? Wino?"

Akakata.

Wiki mbili nyumba ikapoa kama uji wa jana. Mume wangu haongei na mimi, haongei na dada yake. Aliyetutoa hapo ni binti yetu wa kidato cha pili, na alitutoa kwa kipande cha karatasi.

Kemia mezani

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulijui. Unga wa ubuyu ukitoka kwenye tunda lake ni mweupe unaoelekea krimu. Wekundu wote ule umetiwa na mtu, kama ilivyotiwa rangi ya biriani, ya barafu za vifuko na ya juisi za unga. Swali ni ametia nini. Binti alisema shuleni wamefundishwa njia ya kutenganisha rangi, inaitwa kromatografia. Jina kubwa, kazi yenyewe ndogo.

Unakumbuka koroboi? Mafuta yanapanda utambi yenyewe, hakuna anayeyasukuma. Maji nayo yanapanda karatasi hivyohivyo. Ukiweka tone la rangi karibu na ncha ya chini ya karatasi, maji yakipanda yanaibeba. Rangi inayong'ang'ania karatasi inabaki nyuma, inayopenda maji inakwenda nayo mbali. Kama tone lilikuwa na rangi mbili zilizochanganywa, zitaachana njiani, utaziona kwa macho yako.

Mambo haya yalianzia kwa Mrusi mmoja mtaalamu wa mimea, Mikhail Tsvet, aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza mjini Warsaw mwaka 1903. Alijaza unga wa chokaa kwenye bomba la kioo, akapitisha maji ya majani mabichi, rangi za majani zikajipanga tabaka tabaka. Na jina lake, Tsvet, kwa Kirusi maana yake ni rangi! Njia ya karatasi ilikuja miaka ya 1940, na Waingereza Martin na Synge walipata tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1952 kwa kazi iliyoizaa.

Basi Jumamosi meza yangu ikawa maabara. Shida ya kwanza ilikuwa sukari. Ubuyu umejaa sukari, na maji yake yakiwa mazito doa linavutana tu, halipandi vizuri. Dawa yake ni uzi wa sufu. Unachemsha ubuyu kwenye maji yenye siki kidogo, unatumbukiza uzi mweupe, rangi ya dukani inaung'ang'ania uzi. Unausuuza, sukari inakwenda zake. Kisha unauchemsha tena kwenye maji safi yenye magadi kidogo, rangi inatoka. Hayo maji unayaacha yakauke mpaka yabaki matone.

Mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Uzi wangu wa kufumia vitambaa ulitoka mweupe vilevile. Binti akauchoma ncha kwa kiberiti, ukayeyuka ukawa kidonge kigumu. Kumbe miaka yote nafuma plastiki! Tukatafuta sweta kuukuu la marehemu bibi, jeupe, tukachomoa uzi, tukauchoma: harufu ya nywele zilizoungua. Hiyo ndiyo sufu. Ulitoka mwekundu kama kucha za bibi harusi.

Karatasi ya kuchujia alipewa na mwalimu wake wa kemia. Alichora mstari kwa penseli, sentimita mbili kutoka chini. Kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nao ungepanda ukatuvurugia. Juu ya mstari akaweka madoa manne: ubuyu wa wifi, rangi ya chakula ya pakiti ambayo wifi alisema ndiyo anayotumia, rangi ya mikeka tuliyoitoa Kariakoo, na la nne, akasema tuweke na ya keki zako, mama. Ningekataa vipi? Karatasi ikaning'inizwa kwenye jagi la kioo lenye maji kidogo na chembe ya chumvi, maji yakigusa ncha ya karatasi lakini yasifike kwenye madoa.

Nusu saa hivi nilikaa naangalia karatasi kuliko ninavyoangalia tamthilia.

Ubuyu ulitoa rangi mbili, njano juu na nyekundu chini yake. Pakiti ya wifi ilitoa mbili hizohizo, kwa urefu uleule. Rangi ya mikeka ilikwama karibu na mstari, hata haifanani. Na zambarau yangu ya keki? Ilipasuka ikawa bluu juu kabisa na waridi chini. Binti hakusema kitu, ila alinitazama.

Karatasi isichoweza kusema

Usikimbilie kuwapima wauzaji wa mtaa mzima. Madoa mawili kulingana urefu ni dalili nzuri, lakini rangi mbili tofauti zinaweza kusimama mahali pamoja. Na karatasi haikuambii ni kiasi gani kimetiwa. Halafu kuna rangi zisizoyeyuka kwenye maji. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani aina zaidi ya 400 za vyakula baada ya pilipili ya unga kukutwa na Sudan I, rangi ya viwandani ambayo hutumika hata kwenye dawa ya viatu. Hiyo inapenda mafuta, jagi langu la maji ya chumvi lisingeiona. Kazi hiyo ni ya maabara kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Malalamiko ya chakula siku hizi yanapelekwa TBS, iliyopokea kazi hiyo kutoka TFDA mwaka 2019.

Hata rangi zinazoruhusiwa zina maneno. Pakiti ya wifi iliandikwa E102 na E124. Hizo ni mbili kati ya sita zilizojaribiwa kwa watoto kule Southampton, Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Watoto waliokunywa michanganyiko ya rangi hizo pamoja na kihifadhi kimoja walionekana kuhangaika zaidi. Wataalamu wengine walisema ushahidi ni mdogo, lakini tangu 2010 Umoja wa Ulaya umelazimisha chakula chenye rangi hizo kiwe na onyo kuhusu watoto. Kwa hiyo shosti, soma namba nyuma ya pakiti. Na mtoto akitoa choo chekundu, mpeleke hospitali kwanza, ubuyu utauliza baadaye.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari la Mbagala. Nilikwenda na ile karatasi kwenye bahasha, na kanga doti moja. Wifi alikuwa kibarazani. Nikamwamkia, nikaomba radhi kwa sauti, makusudi, majirani wasikie kama walivyosikia lile la kwanza. Aliitazama karatasi muda mrefu.

"Kumbe humu mna njano?" akasema. "Miaka sita natia, sijui."

Akanikaribisha chai. Tulipatana apunguze rangi, kijiko kimoja pale alipokuwa anatia vitatu, na ajaribu ndoo moja isiyo na rangi kabisa. Juzi nilimpigia kumuuliza inakwendaje. Ya rangi kidogo inauzika kama kawaida. Nyeupe watoto wanaipita, wanasema hiyo ni ya wagonjwa. Inanunuliwa na walimu wao.