Unanunua kamera ya kupigia picha usiku? Usidanganywe na megapikseli

MIAKA michache iliyopita nilitoa Sh9,000 katika duka moja katikati ya jiji la Nairobi, nikaondoka na kamera ndogo ya mtumba iliyoandikwa megapikseli 16. Nilitembea kifua mbele hadi steji. Jumamosi hiyo familia ilikuwa inakutana kwa nyanya kijijini, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya picha.

Mchana mambo yalikuwa poa. Giza lilipoingia stima zikapotea, tukabaki na taa mbili za sola sebuleni. Nyanya akasimama, akaanza kucheza. Nilipiga picha zaidi ya hamsini. Zenye flashi zilimtoa uso mweupe kama karatasi, nyuma yake giza totoro. Zisizo na flashi zilikuwa ukungu mtupu. Huwezi kujua kama ni nyanya au ni pazia. Mwaka uliofuata alituacha. Picha yake akicheza hatuna hadi leo.

Nakusimulia haya kwa sababu najua nawe unazisaka hizi kamera ndogo ambazo zimerudi kwenye fasheni. Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia kama mimi.

Kwanza, sahau megapikseli. Hizo hukuambia picha ni kubwa kiasi gani, si jinsi itakavyotoka gizani. Cheki mfano huu: mwaka wa 2008 Canon ilitoa PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka wa 2009 ilipoleta G11, ikazipunguza hadi 10 kwenye kihisi cha ukubwa ule ule, ili picha za mwanga hafifu zitoke safi zaidi. Kwa hivyo muuzaji akianza kukupigia debe la megapikseli, tabasamu tu, kisha uangalie mambo mawili.

La kwanza ni lenzi. Soma nambari zilizoandikwa kuizunguka, kwa mfano 1:2.0-4.9. Ile inayofuata 1 na nukta mbili ndiyo muhimu: ikiwa ndogo, lenzi hufunguka zaidi. Lenzi ya 1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ile ya 3.5. Nambari ya mwisho huonyesha hali inavyokuwa ukivuta picha karibu, na hapo lenzi hupitisha mwanga kidogo zaidi. Usiku usivute, tembea umsogelee mtu.

La pili ni kihisi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Fikiria unakinga maji ya mvua: beseni litakinga mengi kuliko kikombe. Kamera nyingi za bei ya chini zina kihisi cha inchi 1/2.3, ambacho ni kama milimita 6.2 kwa 4.6. Kile kinachoitwa cha inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni karibu mara nne.

Sony RX100 ya 2012 ina kihisi hicho cha inchi 1 na lenzi ya 1.8. Ikiwa imekushinda bei, tafuta za mtumba kama Canon S90 ya 2009, S95 ya 2010, Panasonic LX5 ya 2010 au Olympus XZ-1 ya 2011. Vihisi vyake ni vya wastani, lakini lenzi zake zinaanzia 2.0 au chini ya hapo.

Ukifika dukani, usijaribu kamera mlangoni penye jua. Beba kadi yako ya memori. Zima flashi, ingia kwenye kona yenye giza, kisha mwombe muuzaji apunge mkono polepole huku ukipiga. Ikuze picha uangalie vidole. Kamera nyingi zina mfumo wa kutuliza mtikisiko, lakini huo hutuliza mkono wako wewe, si mtu anayecheza. Kinachomkamata huyo ni mwanga wa kutosha.

Angalia pia ndani ya lenzi kama kuna kuvu, na uhakikishe chaja na betri zipo. Uliza inatumia kadi gani. Olympus na Fujifilm za zamani zilitumia kadi za xD ambazo hazitengenezwi tena, na nyingi za kabla ya 2006 hazikubali kadi ya SD inayozidi GB 2.

Na tuseme ukweli: kama simu yako ni ya juzijuzi, ipeleke kwanza kwenye giza lile lile uone. Nyingi hupiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, na kwa kitu kilichotulia hutoa kazi safi kuliko kamera ya bei rahisi. Huenda ukaokoa hela zako.

Lakini ukiamua kununua, usingoje harusi ndipo uijue kamera yako. Ianzie nyumbani jioni hii hii, taa ikiwa moja, watu wako wakipiga stori. Wakisimama kucheza, utakuwa tayari.