Mgodi haukuchimbwa na wenye njaa: biashara ya makabaila wa Uingereza, karne ya 18

Kabaila wa Uingereza aliyemiliki ardhi yenye makaa ya mawe alikuwa na biashara mbili zilizovutana. Ngano ilipopanda bei, wakulima waliopanga ardhi yake waliweza kumlipa kodi nzuri. Lakini wachimbaji wake walinunua chakula sokoni, na bei hiyohiyo iliwamalizia ujira.

Farasi nao walihitaji nafaka. Ndio waliozungusha mitambo ya kuvuta makaa na maji kutoka shimoni. Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen, iliyoanza kazi karibu na Dudley mwaka 1712, ilipunguza gharama hiyo: ilivuta maji kwa kuchoma makaa duni yasiyopata mnunuzi.

Sheria ilimpendelea mwenye ngano. Tangu 1689 serikali ililipa ruzuku ya shilingi 5 kwa kila kipimo cha lita 280 hivi za ngano iliyouzwa nje, mradi bei ya ndani isizidi shilingi 48. Mavuno ya 1756 yalipoharibika, ghasia zilienea. Huko Cornwall, wachimbaji wa bati walikuwa wakivamia bandari kuzuia nafaka isipakiwe melini. Mwaka 1766 serikali ililazimika kupiga marufuku uuzaji wa nafaka nje. Baadhi ya wenye migodi walinunua wenyewe shehena za nafaka na kuwauzia wafanyakazi kwa bei nafuu, maana siku ya ghasia ni siku isiyo na uzalishaji.

Usafiri ndio uliopunguza mvutano huo. Huko Worsley, Duke wa Bridgewater, kabaila mwenye mgodi wa makaa, msimamizi wake John Gilbert na fundi James Brindley walichimba mfereji wa kupeleka makaa Manchester, ulioanza kazi mwaka 1761. Maji yaliyosumbua mgodi yakageuzwa kuujaza mfereji, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa takriban nusu. Mfereji ulipofika mto Mersey mwaka 1776, mashua ziliweza kupandisha nafaka kutoka Liverpool hadi Manchester.

Ruzuku ilimnufaisha mwenye ghala na kumwacha mchimbaji na sahani tupu. Mfereji ulimpa mwenye mgodi soko, ukampa mfanyakazi moto na chakula. Katika biashara yoyote inayotegemea nguvu za watu, bei ya chakula chao ni sehemu ya gharama za uzalishaji, na meneja anayeiacha nje ya hesabu anajidanganya.