Vyakula vya kushika vya mtoto mchanga

Vyakula vya kushika vya mtoto mchanga ni vyakula laini vilivyokatwa vipande au kufinyangwa ili mtoto avishike kwa mkono na kujilisha mwenyewe. Hutolewa pamoja na maziwa ya mama baada ya miezi 6 ya kwanza. Huwafaa hasa watoto wanaokataa kijiko, kwa kuwa mara nyingi mtoto wa namna hiyo hakatai chakula chenyewe, bali namna anavyolishwa. Si lazima vinunuliwe dukani: vingi hupatikana katika chungu cha familia, mradi sehemu ya mtoto itengwe kabla ya kutia chumvi na pilipili.

Wakati wa kuanza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mtoto yuko tayari kushika chakula anapoweza kukaa kwa msaada mdogo, kusimamisha kichwa vizuri na kupeleka vitu kinywani. Meno si lazima, kwa sababu ufizi unaweza kuponda kitu kilicho laini.

Katika miezi ya 6 na 7 mtoto hushika kwa kiganja kizima. Kwa hiyo anahitaji kipande kirefu kama kidole cha mtu mzima, ili ncha yake itokeze nje ya ngumi. Kuanzia takriban miezi 8 au 9 huanza kubana vitu vidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na hapo anaweza kupewa vipande vidogo.

Nchini Uingereza njia ya kumwachia mtoto ajilishe tangu mwanzo ilienezwa na Gill Rapley, aliyetoa kitabu kuhusu jambo hilo pamoja na Tracey Murkett mwaka 2008. Katika Afrika Mashariki, ambako watu wengi hula kwa mkono, mtoto anayekaa karibu na sinia la familia huona wakubwa wakimega tonge na hutaka kuwaiga.

Sababu za kukataa kijiko

Mtoto anaweza kukataa kijiko kwa sababu anaota meno, anaumwa, chakula kina moto, kijiko ni kikubwa, au ameshiba maziwa. Wengine hukataa baada ya kulazimishwa, kwa mfano kwa kubanwa na kunyweshwa uji kwa nguvu. Kulazimisha huongeza woga wa chakula na huweza kumfanya mtoto apaliwe. Inafaa mlishaji aweke chakula mbele ya mtoto, amtazame na kuzungumza naye, kisha amwache aamue kiasi atakachokula.

Vyakula vya bei nafuu

* Viazi vitamu, viazi mviringo na boga: huchemshwa hadi viive kabisa na kukatwa vipande virefu. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maarufu kama viazi lishe, vina kiasi kikubwa cha kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuendeleza viazi hivyo.
* Ndizi: mbivu hupewa kama ilivyo, na za kupika huchemshwa hadi zilainike.
* Parachichi, papai na embe bivu: vipande vinavyoteleza vinaweza kuviringishwa kwenye unga wa dagaa au wa karanga ili vishikike.
* Matonge ya ugali laini au wali uliopondwa, yakichovywa katika mchuzi wa maharage.
* Maharage, kunde au dengu: huchemshwa, hupondwa pamoja na kiazi na kufinyangwa kuwa madonge laini.
* Yai: hupikwa hadi liive kabisa na kukatwa vipande virefu, au huchanganywa na unga na mchicha uliokatwakatwa kutengeneza chapati za maji.
* Dagaa: zile zisizo na chumvi huondolewa vichwa, huoshwa, hukaangwa kavu na kusagwa. Unga wake hutiwa katika katlesi laini za viazi.
* Maini: huchemshwa hadi yaive, kisha hukatwa vipande laini. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi.

Uji hauna haja ya kuachwa. Mtoto anaweza kuunywa kwa kikombe kidogo, au kuchovya kipande cha chapati laini katika uji mzito.

Madini ya chuma

Udhaifu mkubwa wa kujilisha ni kwamba vyakula vilivyo rahisi kushika, kama ndizi na viazi, vina madini ya chuma kidogo. Akiba ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua anapokaribia miezi 6, na maziwa ya mama yana madini hayo kidogo. Yanapokosekana mtoto hupata upungufu wa damu, ambao unaweza kudhoofisha ukuaji wa akili. Kwa sababu hiyo kila mlo uwe na angalau kimoja kati ya maini, nyama, samaki, yai au maharage. Papai, chungwa au nyanya husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mboga za majani. Chai huzuia jambo hilo, hivyo mtoto asipewe.

Kuzuia kupaliwa

Kipande salama ni kile kinachopondeka kikibanwa kati ya vidole viwili. Vyakula vya hatari ni karanga nzima, bisi, pipi, miwa, karoti mbichi, zabibu nzima, vipande vya mviringo vya soseji, na samaki mwenye miiba. Mtoto ale akiwa amekaa wima na asiachwe peke yake hata kidogo. Asali isitolewe kabla ya mwaka 1, kwa kuwa huweza kusababisha sumu ya botulizimu.

Mtoto anayekohoa au kutoa sauti kama anayetaka kutapika bado anapumua, na kwa kawaida hukitoa chakula mwenyewe. Anayepaliwa kweli hatoi sauti na hubadilika rangi. Aliye chini ya mwaka 1 hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, na kupigwa mara 5 katikati ya mgongo. Asipopona hugeuzwa na kubonyezwa kifua mara 5. Hatua hizo hurudiwa huku msaada ukitafutwa. Kidole kisiingizwe kinywani kutafuta chakula kisichoonekana.

Utafiti uliofanywa nchini New Zealand na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto waliojilisha, ambao wazazi wao walifundishwa kuepuka vyakula vya hatari, hawakupaliwa zaidi ya waliolishwa kwa kijiko.

Wakati wa kwenda kliniki

Mtoto apelekwe kliniki ikiwa uzito wake hauongezeki, anapaliwa mara kwa mara, anakataa pia kunyonya, au hawezi kushika wala kumeza vyakula laini anapofikia miezi 9.