Deiwaka

Deiwaka ni mtu anayeshika kazi ya mwenzake kwa muda mfupi, kuanzia saa chache hadi wiki kadhaa, akitumia chombo, kituo na wateja wa mwenzake huyo. Jina hilo hutumika hasa nchini Tanzania katika usafiri wa daladala, bajaji na bodaboda. Anayefanya kazi hiyo husemwa "anapiga deiwaka".

Kwa dereva wa kudumu anayeumwa, anayesafiri kwenda msibani au anayehitaji kupumzika, deiwaka ni njia ya kuzuia kazi isisimame. Kwa kijana asiye na chombo, ni njia ya kupata riziki ya siku na ya kujulikana kituoni. Hata hivyo mpango huo kwa kawaida hufanywa kwa mdomo tu. Usipoelezwa vizuri tangu mwanzo, dereva wa kudumu anaweza kurudi na kukuta chombo kimeharibika, deni limekua, au wateja wamehama.

Asili ya neno

Neno deiwaka limetoholewa kutoka Kiingereza, kwa maana ya mfanyakazi wa kutwa. Linafanana na kibarua, lakini haliko sawa nalo. Kibarua huajiriwa kufanya kazi fulani na kulipwa ujira na mwenye kazi. Deiwaka huingia katika nafasi ya mtu mwingine ambaye bado anaihesabu nafasi hiyo kuwa yake, na malipo yake hutoka katika mapato ya siku.

Historia

Mpango huu ulienea pamoja na daladala. Jijini Dar es Salaam mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi kubeba abiria mwaka 1983. Wenye magari wengi hawakulipa mshahara wa mwezi, bali walidai hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kila siku. Dereva na kondakta walibaki na kilichozidi baada ya kutoa hesabu na mafuta. Kwa kuwa siku ya kazi huanza kabla ya jua kuchomoza na kuisha usiku, ilikuwa kawaida kumwachia deiwaka gari kwa safari kadhaa ili wenye zamu wale na kupumzika. Mtafiti Matteo Rizzo ameeleza maisha ya wafanyakazi wa daladala wa Dar es Salaam, na kukosa kwao mikataba ya maandishi, katika kitabu Taken for a Ride kilichotolewa mwaka 2017.

Pikipiki za abiria zilipoongezeka miaka ya 2000, mpango huo ulihamia kwenye vijiwe vya bodaboda. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitolewa mwaka 2010. Tangu mwaka 2019 usafiri wa ardhini husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA.

Katika miji midogo

Deiwaka si jambo la majiji makubwa tu. Mfano wa mji ambao bodaboda ina kazi nyingi ni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mji huo uko mahali zinapokutana barabara za Arusha, Dodoma na Singida, na barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Mabasi hupita katika barabara kuu, lakini makazi ya kata kama Maisaka yameenea pia kwenye njia za ndani ambako basi haliingii. Kazi ya kumtoa abiria stendi, sokoni au hospitalini hadi mlangoni kwake hufanywa na pikipiki na bajaji.

Katika mji wa namna hii abiria wengi wanamfahamu dereva wao kwa jina na kwa namba ya simu. Kwa sababu hiyo anayempa deiwaka pikipiki hukabidhi pia uhusiano wake na watu.

Mambo yanayokabidhiwa

Chombo chenyewe ndicho kinachoonekana zaidi. Pikipiki inaweza kuwa mali ya dereva, au ya tajiri anayepelekewa hesabu. Inaweza pia kuwa ya mkataba, yaani dereva hulipa kiasi kila siku au kila wiki hadi deni liishe, kisha chombo kinakuwa chake. Dereva wa mkataba ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Siku asizofanya kazi deni halisimami, na akishindwa kulipa kwa muda mrefu anaweza kunyang'anywa pikipiki aliyokwisha kuilipia sehemu kubwa.

Nafasi ya kijiwe ni jambo la pili. Vijiwe vingi vina mwenyekiti, orodha ya wanachama, michango na utaratibu wa foleni. Mgeni hawezi kuegesha na kuanza kupakia tu. Deiwaka anapaswa kupelekwa kwa mwenyekiti na kutambulishwa kuwa anashika nafasi ya fulani hadi tarehe fulani. Utambulisho huo humlinda deiwaka asifukuzwe, na humlinda dereva wa kudumu kwa kuwa wanachama wote wanajua nafasi ni ya nani.

Jambo la tatu, na gumu zaidi kulirudisha, ni wateja wa kudumu. Hao ni kama mfanyabiashara anayechukuliwa alfajiri kwenda sokoni, muuguzi wa zamu ya usiku, au wanafunzi wanaopelekwa shule na wazazi wao kulipa kwa wiki au kwa mwezi. Wateja hao hawana hati ya umiliki. Deiwaka akiwahudumia vizuri na kuwaachia namba yake ya simu, wanaweza kuendelea naye hata baada ya mwenye kazi kurudi.

Kwa kawaida dereva huwaarifu wateja wake kabla ya kuondoka, humtaja deiwaka na kueleza siku atakayorudi. Kwa wanafunzi taarifa hiyo ni ya lazima kwa sababu ya usalama: mzazi anapaswa kumfahamu mtu anayembeba mtoto wake, na kukubali kwanza.

Hesabu

Kuna namna mbili kuu za kugawana mapato. Ya kwanza ni kiasi kisichobadilika: deiwaka hutoa fedha zilizokubaliwa kila siku, hugharimia mafuta, na kinachobaki ni chake. Hasara ya siku mbaya humwangukia yeye. Ya pili ni kugawana: baada ya kutoa mafuta na hesabu ya tajiri, kinachobaki hugawanywa kwa sehemu walizokubaliana. Namna hii ni ya haki zaidi kazi inapokuwa ndogo, lakini humtaka dereva wa kudumu kuamini idadi ya safari anayotajiwa.

Kwa mfano, dereva wa mkataba anatakiwa kulipa shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Amelazwa na atakosa kazi kwa wiki 3, yaani siku 18. Bila deiwaka, atarudi kazini akiwa na deni la shilingi 180,000. Akikubaliana na deiwaka alipe shilingi 13,000 kwa siku, mwenye pikipiki atapata shilingi 180,000 zake zote, na dereva atabaki na shilingi 54,000 za kumsaidia nyumbani. Hata hivyo hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa chombo hakitaharibika. Gurudumu, mnyororo au injini ikifa katikati ya wiki, faida yote inaweza kuishia kwa fundi.

Siku hizi fedha hutumwa mara nyingi kwa simu. Ujumbe wa muamala hubaki kama kumbukumbu ya siku zilizolipwa, jambo ambalo zamani lilitegemea daftari au neno la mtu.

Upande wa sheria

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ya mwaka 1961, inatambua makubaliano ya mdomo ikiwa yametimiza masharti ya mkataba, ila ni vigumu kuyathibitisha pakitokea ugomvi. Sheria hiyo pia humtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Akiitumia kinyume cha masharti aliyopewa na ikaharibika, anawajibika kulipa.

Deiwaka wa pikipiki anatakiwa kuwa na leseni yake mwenyewe ya daraja linalohusika. Leseni ya dereva wa kudumu haimfuniki. Bima nayo ina mipaka. Bima ndogo, ambayo ndiyo ya lazima, hulenga madhara yanayowapata watu wengine na hailipii pikipiki yenyewe. Tena, dereva asiye na leseni anaweza kusababisha kampuni ya bima ikatae madai.

Pikipiki ikiwa ni ya tajiri au ya mkataba, idhini ya mwenye mali huhitajika kabla ya kumpa mtu mwingine. Kuficha jambo hilo ni chanzo cha ugomvi mwingi, kwa kuwa ajali ikitokea mwenye chombo hukuta kiliendeshwa na mtu asiyemjua.

Makubaliano yanayopunguza ugomvi

Karatasi moja iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiwe inatosha kwa mipango mingi. Mambo muhimu ya kuandika ni:
• tarehe ya kuanza na ya kurudisha chombo;
• kiasi cha kila siku na namna ya kukituma;
• nani hulipia mafuta, matengenezo madogo na matengenezo makubwa;
• nani hulipa faini za barabarani;
• hali ya chombo siku ya kukabidhiana, pamoja na picha;
• orodha ya wateja wa kudumu, na ahadi ya kuwarudisha;
• katazo la kumpa mtu wa tatu chombo.

Katazo la mwisho lina sababu yake. Deiwaka naye anaweza kuchoka na kumwachia mwenzake, na chombo kikawa mikononi mwa mtu asiyemjua mwenye kazi wala mwenye mali.

Mipango inayofanana kwingineko

Kukabidhi kazi kwa muda kunajulikana katika nchi nyingi. Jijini New York vibali vya teksi vimekodishwa kwa madereva wasio na vibali vyao kwa zamu ya saa 12. Nchini Uingereza wasafishaji wa madirisha wanaojitegemea hupita nyumba zilezile kila baada ya wiki kadhaa, na mzunguko huo wa nyumba huhesabiwa kama mali: unaweza kuuzwa, au kushikwa na msafishaji mwingine wakati mwenyewe anaumwa. Msafishaji anayeukabidhi mzunguko wake ana wasiwasi uleule wa dereva wa bodaboda, kwamba vifaa vinaweza kununuliwa vingine, lakini mteja aliyehama harudi kwa urahisi.

Tazama pia

Bajaji
Bodaboda
Daladala
Kibarua
Maisaka