Gari la Mwendo Mdogo na Barabara Yake

Katika mji wa Peachtree City, jimbo la Georgia nchini Marekani, mna vijia vya lami vyenye urefu wa zaidi ya kilomita 160 ambavyo motokaa haziruhusiwi kupita. Wapitao humo ni watu wa miguu, waendesha baiskeli, na vigari vya umeme vya aina itumikayo katika viwanja vya gofu. Wazee huviendesha kwenda madukani, na baadhi ya wanafunzi wa sekondari huvitumia kwenda shule. Mahali pengi kijia kinapokutana na barabara kubwa, hupitishwa chini yake kwa handaki au juu yake kwa daraja.

Miji mingi haina vijia vya namna hiyo. Humo kigari cha umeme hakina budi kutumia barabara ileile ya motokaa, na ndipo swali la sheria linapozuka: chombo chepesi kiendacho polepole kiruhusiwe wapi?

Kabla ya 1998 sheria ya Marekani ilikuwa na pengo. Kigari cha gofu kisichoweza kuzidi kilomita 32 kwa saa hakikuhesabiwa kuwa gari la barabarani. Kilichozidi mwendo huo, hata kwa kidogo, kilidaiwa kutimiza masharti yote ya motokaa kamili, pamoja na majaribio ya kugongeshwa. Kigari cha kilo mia chache hakikuweza kutimiza masharti hayo. Hata hivyo, baadhi ya majimbo yalikuwa yamekwisha kuviruhusu barabarani, hivyo sheria ya jimbo na ya taifa zikawa zinapingana. Tarehe 17 Juni 1998 mamlaka ya taifa ya usalama wa barabarani ilitoa Kanuni Namba 500, ambayo iliunda jamii mpya: gari la magurudumu manne ambalo mwendo wake wa juu kabisa, katika barabara tambarare, unazidi kilomita 32 kwa saa lakini hauzidi 40.

Gari la jamii hii lazima liwe na taa za mbele na za nyuma, taa za breki na za kuonyeshea kona, viakisi mwanga, vioo vya kutazamia nyuma, kioo cha mbele, breki ya kuegeshea, namba ya utambulisho na mikanda ya usalama. Baadaye yaliongezwa mengine, mojawapo likiwa ni sauti ya kuwatahadharisha wapita njia, kwa kuwa mota ya umeme haivumi kama injini, na kipofu avukaye njia hutegemea masikio. Lakini orodha ni fupi. Milango haikutajwa, wala mifuko ya hewa, wala jaribio lolote la mgongano. Mtu angeweza kudhani kuwa watunga kanuni walizembea. Sivyo, waliuegemeza usalama juu ya barabara yenyewe, nao uchaguzi wa barabara ukabaki mikononi mwa majimbo. California, mathalani, hairuhusu gari hilo katika barabara ambayo kikomo chake kinazidi kilomita 56 kwa saa.

Kwa nini tarakimu hiyo iwe na uzito? Chukuliwe mfano wa motokaa yenye tungamo la kilo 1,500 iendayo kilomita 56 kwa saa, ikakigonga kwa nyuma kigari cha kilo 600 kilichosimama, na vyombo hivyo vikanasana. Kwa kanuni ya kuhifadhika kwa momenta, vitakwenda pamoja kwa kilomita 40 kwa saa. Motokaa imepoteza 16 tu. Kigari, kwa muda usiofika sekunde moja, kimepata 40. Badiliko hili la ghafla ndilo huvunja shingo za watu, na uwiano wake ni uwiano wa matungamo uliogeuzwa: chombo chepesi mara mbili na nusu hupata badiliko kubwa mara mbili na nusu. Mwendo wa motokaa ukiwa kilomita 80, kigari kitarushwa hadi 57. Zaidi ya hayo, nishati mwendo hufuata mraba wa mwendo, hivyo motokaa hiyo ingekuja na nishati maradufu ya ile ya awali. Bati jembamba la kigari halina pa kuimezea.

Hesabu hizi zilithibitika katika majaribio. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya makampuni ya bima ya Marekani iligongesha ubavuni magari ya jamii hii kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Vipimo vilivyofungwa katika masanamu ndani yake vilionyesha majeraha mabaya au ya kuua. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa kuwa kanuni haikudai kinga hiyo.

Kuna tatizo moja ambalo kikomo cha mwendo hakilimalizi. Mitaa tulivu hukatwa na barabara kuu, na mwenye kigari atakaye kufika dukani hana budi kuvuka. Barabara yenye upana wa mita 15, pamoja na mita 3 za urefu wa kigari, hufanya mita 18. Kwa mchapuko wa mita 1.5 kwa sekunde mraba kutoka kusimama, safari hiyo huchukua karibu sekunde 5. Katika muda huo motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 100. Mzee asiyeona vizuri mita 100 hana njia ya kujua kama anavuka salama. Kwa sababu hiyo sheria ya California huruhusu kuvuka barabara ya mwendo mkubwa pale tu njia panda inapoanzia na kuishia katika barabara za kilomita 56 au pungufu. Na kama njia panda ya barabara kuu ya jimbo haina taa wala alama ya kusimama, haivukwi mpaka chombo chenye mamlaka ya trafiki mahali hapo kiwe kimeiidhinisha.