Kamari: Ugonjwa unaomfikisha kijana mahakamani

Msomaji, ukipita karibu na kituo cha magari mjini Machakos siku ya Jumamosi, utawaona vijana wameinamia simu. Wengi wao wanabeti mechi za Ulaya. Kwa wengine huo ni mchezo tu. Lakini kuna wale ambao kamari imewageukia kuwa ugonjwa, na ugonjwa huo huweza kumfanya kijana mwaminifu kuwa mwizi.

Je, kamari ni ugonjwa kweli? Ndiyo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyoanza kutumika mwaka wa 2022 inauweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini mtu anapotarajia zawadi. Anayebeti husisimka hata kabla ya mechi kuisha, na akikosa kwa bao moja tu hushawishika kujaribu tena. Baadaye shilingi 50 hazimtoshi, hutaka 500. Akijaribu kuacha, hukosa usingizi na huwa mwepesi wa hasira.

Wizi huanzaje? Kwanza humaliza pesa zake mwenyewe. Kisha huchukua mikopo ya simu, hukopa marafiki na kuuza vitu vya nyumbani. Mwishowe hugusa pesa alizokabidhiwa: karo, mauzo ya duka au akiba ya chama. Moyoni hasemi, "Ninaiba." Husema, "Nimekopa, nitarudisha Jumatatu." Hapo anabeti si kwa raha tena bali kufukuza alichopoteza, na kila anapopoteza deni huongezeka. Sheria haiutambui mkopo wa aina hiyo. Kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake anaweza kufungwa hadi miaka 7.

Dalili ni hizi: kuficha simu, kudanganya kuhusu pesa, kukopa kila mara bila sababu ya kueleweka, kutolala, na vitu kupotea nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukiziona dalili hizi, fanya nini?

Kwanza, usimlipie madeni kisirisiri. Wazazi wengi huona haya, wakauza mbuzi au hata kipande cha shamba ili mambo yaishe kimya kimya. Mgonjwa hujifunza kwamba daima kuna mfuko mwingine wa kumwokoa.

Pili, ondoa pesa mikononi mwake. Kwa hiari yake, mshahara upitie kwa mtu anayemwamini kwa miezi kadhaa, na akaunti zake za kamari zifungwe.

Tatu, mpeleke hospitalini na uulize kitengo cha afya ya akili. Kwa kawaida mtu haachishwi kamari kwa kidonge tu. Tiba inayosaidia ni mazungumzo na mshauri, yanayomfundisha kuzitambua fikira za uongo kama vile, "Nimepoteza mara nyingi, sasa ni zamu yangu." Mpira haumjui aliyepoteza jana. Daktari pia atachunguza kama ana huzuni kuu au tatizo la pombe, kwani mara nyingi haya huandamana.

Nne, akisema heri afe, usidhani ni maneno matupu. Madeni na aibu huwasukuma waraibu wa kamari kujiua. Usimwache peke yake, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Msomaji, ugonjwa haufuti wizi. Kijana akiri kwa aliyemwibia, na alipe kwa jasho lake, hata kama ni shilingi 200 kwa wiki. Lakini kumfunga bila kumtibu hakutoshi. Atatoka gerezani na uraibu wake, na simu atakayoinunua itakuwa na mechi za Jumamosi kama ile ya kwanza.